Mbuzi Yangu, Mbuzi Wangu

Mnaniuliza niliingiaje kwenye siasa. Niliingia kwa mlango wa uani, nimebeba mbuzi. Andikeni hivyo hivyo na msinikatize, maana kila anayekuja hapa kwangu Mkuza na kalamu yake hunikatiza papo hapo, akataka kujua mbuzi alikuwa jike au dume.

Hakuwa jike wala dume. Ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Ninyi mliozoea tui la pakiti mtasema mnaijua, kisha nikiwaletea mtaikalia kinyume mjichane. Ni kibao cha kukunja, miguu imepishana kama mkasi, mbele kimetoa ulimi wa chuma wenye meno. Unakifungua, unakikalia, unakuna. Kila mwanamke wa Uzaramo alikuwa nayo. Kilikuwa ndicho kiti pekee duniani kilichokubalika kuwa cha mwanamke, na hata hicho hakikuitwa kiti.

Halafu mnaniuliza changamoto. Neno hilo linanichosha. Enzi zetu hatukuwa na changamoto, tulikuwa na Mzee Mwinyikondo.

Mzee Mwinyikondo alikuwa mwenyekiti wa muda wa tawi letu la chama, chama cha kudai uhuru. Jina sitalitaja, wenyewe wana maneno. Alikuwa wa muda tangu siku tawi lilipofunguliwa, na muda wenyewe haukuonyesha dalili ya kwisha. Si mtu mbaya. Alikuwa na mikorosho, kanzu safi na subira ya kutisha. Ukimpelekea jambo hakulikataa. Alisema, "Tutaliangalia, mwanangu." Jambo likaangaliwa mpaka likaota ukungu.

Kijiji chetu kilikuwa nyuma ya stesheni ya Soga, upande wa shamba la mkonge. Siku hizo Kibaha haikuwa wilaya wala mji. Sote huku tulikuwa chini ya boma la Kisarawe, na bomani alikaa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya. Mwenye shida alimfikia Bwana Shauri kwa njia mbili: kupitia jumbe, ambaye alikula mshahara wa huyo huyo Bwana Shauri, au kupitia chama. Na chama kilisema kwa kinywa kimoja tu, cha mwenyekiti. Kwa hiyo msidhani uenyekiti niliutaka kwa uroho. Nilikuwa na shida moja, na shida hiyo ilikuwa na jicho moja.

Shoga yangu Chausiku alikuwa kibarua wa palizi katika lile shamba la mkonge. Mimi pia, na wanawake wengi wa kijiji. Mkonge mmeuona: kila jani limeishia kwenye mwiba mweusi, mkali kama sindano ya kushonea magunia. Na palizi ni kuinama. Watoto tuliwabeba mgongoni, kwa kuwa nyapara alipiga marufuku kuwaacha pembeni. Alisema mtoto akilia mama anamkimbilia na mstari unabaki. Siku moja Chausiku aliinama kung'oa gugu. Mwanawe Shomari, ambaye hata kutambaa alikuwa bado, akachungulia juu ya bega la mama yake kuona kuna nini. Jani lilikuwa pale.

Sitaendelea hapo. Jicho la kushoto halikurudi. Alichosema nyapara, nami nilikuwepo, ni "Mlifunge vizuri, inzi wengi." Chausiku alirudi kazini kidonda hakijakauka, mtoto mgongoni vilevile, kwa sababu kipande chake, ile kadi ya kazi iliyotiwa alama kila siku, kingekufa asipokimaliza kwa wakati.

Tulitaka kitu kimoja: kibanda. Nguzo, makuti, na mwanamke mtu mzima wa kukaa na watoto, naye atiwe alama kwenye kipande kama anayelima, maana kulea watoto wa watu kutwa ni kazi. Mkisema hayo leo mnaandaliwa semina na chai ya saa nne. Sisi tuliambiwa wanawake wa Soga wanataka kulipwa kwa kukaa kivulini. Na masika yalikuwa yanakaribia. Baada ya masika magugu, baada ya magugu palizi, na mgongoni mwa wenzangu kulikuwa na watoto ambao bado wana macho mawili. Nilikuwa nayahesabu asubuhi tukiingia shambani, nayahesabu tena tukitoka.

Sasa hili la kuhutubia, maana naona mnapenda sana kipaza sauti. Nilikosea kama mnavyokosea ninyi. Nilikuwa nimemsikia msemaji mmoja wa chama kutoka Dar es Salaam pale stesheni, mkono juu, sauti kama filimbi ya treni. Nikasema hiyo ndiyo siasa. Jioni moja wanawake wakitoka shambani, nikapanda juu ya debe, nikainua mkono, nikapiga ukelele: "Uhuru!"

Wakaitikia, "Amina!" Wawili wakaanza kulia, wakidhani nimeleta habari ya msiba.

Aliyenishusha kwenye debe ni Bi Sikudhani. Huyu alikuwa kungwi, amewafunda mabinti wa vijiji vyote vya upande ule, nami nikiwa mmoja wao, ndiyo maana nilimwita Somo. Hakuna mwanamume aliyemtazama machoni kwa muda mrefu, kwa sababu alijua wake zao walifundishwa nini.

"Teremka, Mwanahawa," akaniambia. "Unanadi samaki kwa watu ambao hawajauliza samaki."

"Somo, lakini wanapaswa kuamka."

"Wameamka tangu alfajiri, ndiyo maana wamechoka. Mwanamke aliyeinama kutwa hamsikii aliyesimama. Nenda kainame."

Nikaenda nikainama. Hotuba yangu ya kwanza ya maana niliitoa nimeshika jembe, mstari wa katikati ili nisikike kulia na kushoto, sentensi moja, mashina kadhaa ya mkonge, sentensi nyingine. Nyapara akikaribia tunaimba. Akipita, naendelea nilipoachia. Tulipofika mwisho wa shamba sikuwa na haja ya kuuliza nani ananiunga mkono. Ninyi mkishika kipaza sauti mnawaangalia watu nyuso. Angalieni migongo.

Nikamwendea Mzee Mwinyikondo barazani kwake, alikokuwa akinywa kahawa na Mzee Dibwe, rafiki yake ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kucheka kabla mwenzie hajamaliza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Athumani hajambo?"

Athumani alikuwa mume wangu. Wazee wa kijiji walinijulia hali kupitia yeye, kama barua inayopitia posta.

"Hajambo. Mzee, nimekuja kwa habari ya uchaguzi wa tawi. Nataka kugombea uenyekiti."

Mzee akakitazama kikombe chake kana kwamba ndicho kilichosema. Dibwe akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi apigwe mgongoni.

"Mwanahawa," akasema Mzee kwa upole, "mwenyekiti maana yake nini?"

"Anayeongoza mkutano."

"La. Mwenye kiti. Neno lenyewe linajieleza. Hiki hapa kiti changu. Kile kiti cha Dibwe. Wewe mkutanoni unakaa wapi?"

"Uani. Mkekani."

"Basi wewe ni mwenye mkeka. Siku tawi likihitaji mwenyemkeka, tutakuita."

Dibwe akaanza tena kukohoa.

"Na kiti nikiwa nacho?" nikauliza.

"Ukiwa nacho, na watu wakitimia mkutanoni, gombea, mwanangu. Nani atakuzuia?"

Alisema hivyo kwa sababu alijua mambo mawili. Hakuna mwanamke kijijini aliyemiliki kiti. Na watu hawakuwahi kutimia. Kila ulipoitishwa uchaguzi wanaume walikuja wachache, Mzee akatazama huku na huku kwa masikitiko, akasema, "Watu hawajatimia," akaahirisha. Wanawake tuliojaa uani hatukuwa watu wa kutimia. Tulikuwa watu wa kuchemsha kahawa ya waliotimia.

Lakini mimi nilikulia kwenye biashara ya muhogo wa kuchemsha pale stesheni, ambako treni haingoji na abiria hana haya. Mchuuzi hasikii "hapana." Anasikia bei. Mzee alikuwa ameshataja bei mbele ya shahidi: kiti, na mkutano uliotimia. Nikaaga nimefurahi. Yeye akadhani nakwenda kulia.

Kiti chenyewe nilikitafuta siku kadhaa. Seremala wa Mlandizi alisema hawezi kumtengenezea mwanamke kiti bila idhini ya mumewe, nikamwambia mume wangu hata kiti chake mwenyewe hana. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikachukua nazi, nikaanza kukuna. Athumani alikuwa amejilaza.

"Unaikuna hiyo nazi kama imekutukana," akasema.

"Nakuna kama ninavyokuna siku zote."

"Siku zote kiti hakilii hivyo."

Alisema kiti. Athumani, mtu ambaye katika ndoa yetu nzima alisema maneno matatu ya maana, hilo likiwa la kwanza. Nikasimama, nikaitazama ile mbuzi, nikaizunguka.

Basi sikilizeni mpango ulivyokwenda, na mnielewe kwa nini nywele zangu ziliota mvi mapema. Athumani alikuwa wa genge la reli, wakipita na kiberenge chao kutengeneza njia, huku mpaka Ruvu, huku mpaka Mpiji. Nikamwambia: mkutano wa uchaguzi ni Jumapili, kwa Mzee Mwinyikondo, baada ya adhuhuri. Wapitishie habari wanachama wote walio njiani, wawaambie wake zao. Kila mwanamke aje na mbuzi yake.

"Yake," nikasisitiza.

"Nimesikia. Yake."

Ninyi ni wasomi, hapa mtanifuata vizuri. Mtu wa pwani akisema mbuzi yangu, ni ya nazi. Akisema mbuzi wangu, ni wa kuchinja. Hatukosei hapo, hata mtoto hakosei. Athumani aliufikisha ujumbe kama nilivyompa, sina lawama naye kwa hilo. Ninazo kwa mengine. Lakini wenzake kwenye genge walikuwa watu wa bara, na mtu wa bara mbuzi wote kwake ni yangu. Mwenye ndevu ni yangu, mwenye pembe ni yangu, na ya nazi hajawahi kuiona. Wakasikia kwamba Jumapili, kwa Mzee Mwinyikondo, kila mwanamke wa upande wa Soga anakuja na mbuzi.

Habari ilipofika Mlandizi ilikuwa imeshaongezewa pilau.

Mimi niliipata Ijumaa, kisimani. Mwanamke mmoja wa kijiji cha jirani akaniambia, "Mwenzangu, mnaozesha nani? Mume wangu hajala vizuri tangu jana, anaweka nafasi." Ndoo ikaniponyoka. Nikakimbia kwa Bi Sikudhani nikamweleza, nikamwambia lazima tupeleke neno la kusahihisha, watu watatuua.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Ulitaka mkutano utimie?"

"Nilitaka."

"Umetimia. Sasa unataka kuutimua?"

"Somo, ni uongo huu."

"Nani kadanganya? Umesema mbuzi, nasi tutakwenda na mbuzi. Lugha yao ikiwatia njaa, si kazi yetu kuwafundisha mwishoni mwa wiki."

Jumapili wanaume walikuja wa kila namna. Genge la reli lilikuja zima, wamechana nywele. Walikuja wazee ambao tangu tawi lifunguliwe walikuwa wanaumwa miguu. Baraza lilijaa, uwanja ukajaa, wengine wakaegemea mikorosho. Mimi nina desturi yangu ya kuhesabu mkutano, nawaachia bure: hesabu vichwa, kisha hesabu viatu vilivyovuliwa pembeni ya mikeka. Vichwa huongezeka kwa hamu yako ya kuviona. Viatu havina hamu. Nilihesabu vyote, na kwa vyovyote watu walikuwa wametimia.

Mzee Mwinyikondo akatazama huku na huku. Masikitiko hayakuja. Alitazama tena, pole pole, kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Hapo tukaingia. Tulipita mlango wa uani kama kawaida, ila hatukusimama uani. Tulipita moja kwa moja mpaka mbele, kila mmoja na mbuzi yake imekunjwa chini ya khanga, tukazifungua kwa mkupuo mmoja, kra, kra, kra, tukakaa. Meno yote ya chuma yakawa yamewaelekea wazee.

Wanaume wakashangaa. Mmoja wa genge akauliza kwa sauti, "Sasa mbuzi wako wapi?"

"Tumezikalia, baba," akajibu Bi Sikudhani.

Kelele zilizofuata msiziandike. Tungeshindwa pale pale, wangeondoka wote, kama si Mama Mabula. Huyu alikuwa mke wa kiongozi wa genge, mwanamke wa bara, mtiifu kuliko sisi sote. Yeye alielewa ujumbe kama mumewe alivyouelewa. Alikuja amechelewa, anatokwa jasho, anamvuta mbuzi mweupe mnene, akamfunga kwenye nguzo ya baraza mbele ya kila mtu, akakaa chini akijipepea.

Macho yote kwa mbuzi. Nami sikuzaliwa jana.

"Ndugu zangu," nikasema, "uchaguzi kwanza. Habari ya mbuzi baadaye."

"Upesi basi!" wakaitikia. Hakuna aliyeondoka. Nawaambia, nimeona walinzi, nimeona kamba na mageti, ila sijaona kitu kilichotuliza mkutano kama mbuzi yule mmoja akitafuna jani la mkorosho.

"Mzee," nikamgeukia Mwinyikondo. "Watu wametimia?"

"Wametimia."

"Na kiti ninacho?"

Mzee Dibwe akadakia. "Hicho si kiti! Hicho ni chombo cha jikoni."

"Dibwe," akasema Bi Sikudhani kwa upole uliomtisha kila mtu, "Ramadhani iliyopita uliingia jikoni kwako kuonja futari ya watu. Ulikaa wapi?"

Dibwe akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mkeo alikuwa ameiacha imefunguliwa. Ukaikalia kwa pupa, gizagiza. Je, tuwaeleze kwa nini siku ile ulitoka unachechemea?"

Uwanja mzima ukacheka, na safari hii Dibwe ndiye pekee ambaye hakucheka wala kukohoa. Mzee Mwinyikondo akasubiri vicheko viishe. Nilisema si mtu mbaya. Akasema, "Mimi nilitaja kiti. Sikutaja kiwe na meno au kisiwe nayo. Sema shida yako, Mwanahawa."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mazuri. Sikuyatumia. Chausiku aliinuka, akamfungua Shomari mgongoni, akaja akamkalisha juu ya mbuzi yangu, mbele ya kiti cha Mzee, akamshikilia. Mtoto akasikia sauti ya kikombe upande wa kushoto. Akageuza kichwa chote, kichwa kizima, mpaka jicho lake la kulia likamfikia Mzee. Akatabasamu.

Mzee akakiweka kikombe chini. Alikitafutia mahali kwa muda.

"Palizi inaanza lini?" akauliza.

"Masika yakiisha."

"Inueni mikono," akauambia mkutano. "Wanawake pia. Mikono ni mikono." Na mkono wake ulikuwa wa kwanza. "Hesabu," akaniambia.

Nikahesabu mara mbili. Nilishinda mara zote mbili.

Kisha Mama Mabula akasimama, akaifungua kamba kwenye nguzo, akaanza kuondoka na mbuzi wake.

"Wewe mama! Wapi tena?" wanaume wakaruka.

"Nyumbani," akasema. "Niliambiwa nije na mbuzi yangu mkutanoni. Nimekuja nayo. Mkutano umekwisha. Kuchinja nani alisema?"

Mumewe akafunika uso. Ilibidi niwaokoe wale watu na njaa yao, na sisi na hasira yao. Nikatoa amri yangu ya kwanza nikiwa mwenyekiti: mihogo ichemshwe. Mbuzi zote zikaingia kazini hapo hapo mbele ya baraza, nazi zikakunwa, na wanaume wa Soga na Mlandizi wakala muhogo wa nazi wakinuna. Wengine waliomba kuongezewa, huku wananuna.

Safari ya Kisarawe tulikwenda mimi, Bi Sikudhani na Mzee Mwinyikondo, aliyesema anakuja kuhakikisha kiti kinafika salama. Treni mpaka Pugu, kisha kilima kile kwa miguu, mbuzi kichwani. Ofisini kwa Bwana Shauri kulikuwa na kiti kimoja, chake. Sisi ilitupasa kusimama. Nikaifungua mbuzi yangu nikakaa. Mkalimani, kijana wa soksi ndefu, nusura azimie.

Hapa shikeni somo jingine. Ukitaka fungu la mchicha, uliza kwanza bei ya ng'ombe. Niliomba hospitali Soga. Bwana Shauri akatikisa kichwa. Nikaomba shule ya wasichana. Akatikisa zaidi. Nikaomba mwanamke alipwe sawa na mwanamume kwa mstari ule ule wa palizi. Akaweka kalamu chini, akamwambia mkalimani jambo.

"Bwana Shauri anauliza, wewe ni mkomunisti?"

Neno sikulijua. Nikamgeukia Bi Sikudhani. Naye, kwa uhakika wa mtu asiyejua kabisa, akaninong'oneza, "Ni wale wanaopokea komunyo."

"Mwambie hapana," nikasema. "Mimi Muislamu. Komunyo ni ya wamisheni."

Kijana akatafsiri. Mwingereza akacheka mpaka miwani ikahama. Baadaye sana mfanyakazi mmoja wa reli alinieleza maana ya neno lile, kwamba ni watu wanaotaka mwenye jasho asinyang'anywe jasho lake. Nikasikitika. Ningelijua siku ile ningejibu kwa urefu zaidi.

Alipokuwa bado anajifuta machozi, ndipo nikaomba kibanda. Baada ya hospitali na shule, kibanda kilionekana kidogo kama kiberiti. Akamwandikia mwenye shamba.

Kibanda kilijengwa kabla ya palizi. Makuti ya kwanza yalikuwa mabovu nikayarudisha. Siku ya kwanza nyapara aligoma kumtia Bi Sikudhani, mlezi wetu, alama kwenye kipande. Alisema haoni jembe. Bi Sikudhani hakubishana. Alijitanda khanga yake, akaenda zake nyumbani, akamwachia nyapara watoto wote. Tulimsikia kutoka shambani, watoto wanalia na yeye analia. Jua halijafika utosini, alama ilikuwa imetiwa.

Mnataka mwisho mwema, naona mmeinua kalamu. Mwisho ni huu: msimu ule ule wakaja mabwana wawili wa chama kutoka mjini. Mmoja, kijana wa vitabu, akanisifu mpaka nikashika mfuko wangu nione kama bado upo. "Mama," akasema, nami nilikuwa sijatimiza hata miaka thelathini, "kazi yako ni ya mapinduzi ya kweli. Sasa tawi linakua, linahitaji mwenyekiti wa kuandikiana na serikali kwa Kiingereza. Wewe utaongoza kina mama. Mapokezi, ngoma, chakula cha wageni."

Mzee Mwinyikondo alitaka kupigana nao kwa fimbo yake. Mimi nikauliza bei. Tulivutana tangu asubuhi hadi alasiri. Nilikiachia kiti, wao wakaandika kwamba katika tawi lolote la upande wetu mikono ya wanawake itahesabiwa na safu ya mbele ni yao. Niliuza kiti kimoja nikanunua safu. Kazi iliyobaki niliifanya bila cheo, kijiji hadi kijiji, mpaka uhuru ukaja, na baada ya uhuru niliendelea kuwaandalia wageni waliokuja kutueleza kwamba wanawake tumekombolewa. Mtasema niliuza rahisi. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili na majibu hayalingani.

Shamba la mkonge lilikufa zamani. Pale kwenye kibanda leo ni njia panda yenye vibanda vya biashara, na panaitwa Kwa Mbuzi. Shomari ndiye mwenye jiko la nyama choma. Amechora ubaoni mbuzi mwenye pembe, na anawaambia wateja kuwa enzi za Mwingereza palikuwa na mnada mkubwa wa mbuzi. Nilimfuata wiki iliyopita nimekasirika.

"Shomari, hujui kibanda cha hapa kilikuwa cha nini?"

"Najua, mama mkubwa. Marehemu mama alinieleza yote."

"Sasa mnada umetoka wapi?"

Akageuza kichwa chote, kichwa kizima, mpaka jicho likanifikia. "Mama mkubwa, nikiwaambia mbuzi ilikuwa ya nazi, nani atanunua nyama?"

Nikatafuta la kumjibu mtu aliyesikia bei. Ndipo nikaona nyuma ya jiko, mbali na makaa, ametandika mkeka chini ya makuti, na watoto wa wanawake wanaouza mboga pale njia panda wamelala. Nikamuuliza anawatoza nini mama zao. Akaniangalia kama nimemtukana.

Nikawahesabu watoto. Kisha, kwa mazoea, nikataka kuhesabu macho, ila yote yalikuwa yamefumbwa. Shomari akaniletea kiti. Nikakaa, nikasubiri waamke.